Kifuku Mbinga na pwani ya Nyasa: hela itangulie wapi

Mkulima wa kahawa wa Umatengo, milima ya Mbinga, hushika hela mwezi wa nane na wa tisa, malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, yanapoanza kutoka. Mvua hufungua Novemba au Desemba, na homa hupamba moto kuanzia Januari hadi Aprili, wakati hela imeshaingia kwenye mbolea, sare na madaftari, na mahindi ghalani yanahesabika kwa debe. Kule ziwani, kuanzia Mbamba Bay na Liuli hadi Lituhi, hela ya dagaa ni ya usiku kwa usiku, na wiki ambayo jua limegoma kutoka dagaa hawakauki, wanauzwa kwa bei ya hasara. Kwa hiyo pande zote mbili vitu vya kujikinga na magonjwa ya kifuku hununuliwa kwa mtindo mmoja: vya mia mbili leo, vya mia tano kesho, hadi msimu unaisha vimekula hela nyingi kuliko kile kitu kimoja kilichoachwa dukani Agosti kwa kuwa eti ni ghali.

Hapa tutapima vitu hivyo kwa usiku mmoja wa kulala na kwa ndoo moja ya maji. Bei ninazoweka ni za mfano. Duka lako likiwa na nyingine, weka yake, hesabu itabaki ileile.

Tuanze na jiografia, maana ndiyo inayoamua. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na tangu lami ifike Mbamba Bay safari ya kutoka mji mmoja hadi mwingine ni ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Lakini kwa magonjwa ni nchi mbili. Ziwa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, kuna joto mwaka mzima, na mbu wa malaria anastawi. Litembo, upande wa Mbinga, na milima jirani ni baridi. Kijidudu cha malaria ndani ya mbu kinahitaji joto ili kikomae. Likishuka chini ya nyuzi 18 hivi kinakua polepole mno, na mara nyingi mbu anakufa kabla hakijawa tayari. Hii haina maana kwamba mlimani hakuna malaria. Ina maana kwamba mwenye 20,000 Liuli na mwenye 20,000 Litembo hawapaswi kuanza na kitu kimoja, na pia kwamba mtu wa Litembo anayeshuka ziwani kununua samaki au kulima mpunga, akalala siku mbili bila chandarua, anapanda mlima na homa.

Chandarua, basi. Tuseme dukani chenye dawa ya muda mrefu, cha futi sita kwa sita, kinauzwa 20,000. Kimetengenezwa kidumu kama miaka mitatu, au mafuo 20. Miaka mitatu ni usiku 1,095, kwa hiyo kila usiku kinakugharimu kama shilingi 18, na chini yake wanalala wawili au mama na watoto wawili wadogo. Linganisha na dawa ya mbu ya kuchoma. Pakiti ya vipande 10 kwa 1,500 ni 150 kila usiku kwa chumba kimoja. Kutoka Desemba hadi Aprili ni kama usiku 150: umetumia 22,500, umeshapita bei ya chandarua kwa msimu mmoja tu, na mwakani unaanza upya. Juu ya hapo dawa ile inafukuza mbu kuliko kumuua, inazimika alfajiri au dirisha likipitisha upepo, na moshi wake unavutwa na mtoto yuleyule ambaye kifua chake ndicho tunachokihangaikia mvua zikianza. Kopo la kupuliza lina nafasi yake, hasa dakika chache kabla ya kulala kwenye chumba kilichofungwa, ila kwa usiku 150 ni anasa.

Kabla ya kutoa hiyo 20,000, uliza cha bure. Mjamzito hupewa chandarua kliniki anapoanza mahudhurio, na mtoto hupewa anapopata chanjo ya surua ya miezi tisa. Ruvuma ina historia ya pekee kwenye jambo hili: mpango wa kugawa vyandarua kupitia shule za msingi ulianzia mikoa mitatu ya kusini, Ruvuma, Lindi na Mtwara, mwaka 2013, kabla ya mikoa mingine. Kwa hiyo nyumba nyingi zina chandarua tayari. Tatizo ni kwamba kiko juu ya bustani ya mchicha, au kimetandikwa kuanikia dagaa. Sina haja ya kumsimanga mtu. Chandarua kilichochakaa kabisa kinaweza kumalizia maisha yake kwenye bustani. Lakini kizima kikienda huko, hesabu ya shilingi 18 inavunjika. Kukivulia dagaa ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu dawa iliyomo ni sumu kwa samaki, na matundu yale madogo yanazoa hata vifaranga ambao ndio mavuno ya mwakani.

Dukani, usidanganywe na umbo. Vya duara vinapendwa kwa kuwa vinaning'inia kwa msumari mmoja na vinapendezesha chumba, lakini vingi havina dawa kabisa. Soma lebo, au waambie wakufungulie pakiti uione. Kisicho na dawa kikipata tundu la sigara kimekwisha kazi, na mkono ukikigusa usiku mbu anauma kwa nje. Chenye dawa kinaendelea kukusaidia hata kikiwa na matundu kidogo, kwa kuwa mbu akitua juu yake anadhurika. Kukifua nako ni sehemu ya bei: beseni, maji ya baridi, sabuni ya mche ya kawaida, bila Jik, kisha uanike kivulini, maana jua kali linakula dawa. Na maji ya kufulia yamwagwe mbali na ziwa na mto. Anayekifua kila wiki kwa usafi ameyamaliza mafuo yake 20 kabla ya miezi mitano.

Kwa nyumba ya tofali za kuchoma, ambayo Umatengo zimejaa, kuna ununuzi wa pili unaosahaulika: wavu wa madirisha. Kwa mita moja ya wavu, vipande vya mbao vya fremu na misumari midogo, fundi wa mtaani anamaliza dirisha kwa muda mfupi. Tuseme kila dirisha limekula 8,000 pamoja na ufundi. Madirisha matatu ni 24,000, karibu sawa na msimu mmoja wa dawa ya kuchoma, na yatakaa miaka. Lakini angalia juu. Kama nyumba haina dari na pembeni mwa paa kuna uwazi, mbu ataingilia pale na wavu wako utakuwa pambo. Ziba uwazi kwanza, japo kwa tope na vipande vya tofali.

Maji ndiyo yanayokula hela kimyakimya, na hapa mlima na ziwa vinakutana. Vijiji vingi vya Umatengo vinatumia maji ya mserereko kutoka chemchemi: kiangazi meupe, mvua kubwa ikinyesha yanakuja rangi ya chai ya maziwa. Ziwani watu wanachota ziwa lenyewe, visima vifupi na mito kama Ruhuhu, ambayo wakati wa mvua inabeba kila kilichokuwa vichakani na vyooni huko juu. Kipindupindu si habari ya mbali. Ng'ambo ya ziwa hilihili, Malawi, mlipuko ulioanza Machi 2022 uliua zaidi ya watu 1,700 na ukawa mbaya kuliko yote katika historia ya nchi hiyo.

Chukua kaya ya watu watano, ndoo moja ya lita 20 kwa siku kwa kunywa, kupigia mswaki na kuosha matunda (maembe ya Desemba yanaoshwa na maji gani, hilo nalo ni swali). Ndoo hiyo kuchemka kunataka nishati ileile hata uwake moto wa namna gani. Kinachobadilika ni kiasi kinachopotea njiani. Mafiga matatu yanapoteza sehemu kubwa. Utahitaji kilo tatu hadi nne za kuni kavu. Mkaa kwenye jiko zuri ni karibu kilo moja. Gesi ni kama robo kilo: mtungi wa kilo sita ukijazwa kwa 25,000, ndoo moja imekula zaidi kidogo ya 1,000. Mkaa wa rejareja kwa 700 kilo ni 700.

Umeme una mtego wake. Jagi la umeme linachemsha lita 20, kwa awamu, kwa kama uniti mbili. Mwenye tarifu ya matumizi madogo, ile ambayo 1,000 inampa uniti zaidi ya 8, analipa kama 244 kwa ndoo. Hakuna moto wa kununua unaoshinda hapo. Lakini tarifu hiyo ina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Uniti mbili kila siku ni 60, zimebaki 15 za taa, simu na redio. Ukivuka, uniti za ziada zinapanda bei zaidi ya mara tatu, na ukiendelea hivyo unahamishiwa tarifu ya kawaida ambako uniti ni kama 356, na ndoo ileile sasa ni 712. Kwa nyumba ndogo iliyounganishwa umeme wa vijijini wa REA, chemsha kwa jagi maji ya mtoto na ya mgonjwa, siyo ndoo nzima ya nyumba.

Vidonge vya klorini ndivyo ninavyovipa namba moja kwa kaya nyingi. Kidonge kimoja cha lita 20, hata ukiuziwa 100 kwa rejareja, ni 3,000 kwa mwezi na 15,000 kwa kifuku chote. Soma pakiti, kwa kuwa vipo vya lita 20 na vipo vya ndoo ndogo, na watu wanavichanganya. Klorini haifanyi kazi vizuri kwenye maji ya matope. Acha ndoo itulie, mimina yaliyo juu, yapitishe kwenye kitenge safi kilichokunjwa mara mbili, ndipo utie kidonge, funika, subiri dakika 30. Yakiwa bado na ukungu, maelekezo ya pakiti nyingi ni vidonge viwili. Malalamiko makubwa ni harufu. Maji yakilala kwenye mtungi wenye kifuniko, asubuhi harufu imepungua sana. Kuna vijidudu vichache vinavyoivumilia klorini ambavyo moto unavimaliza, kwa hiyo penye mtoto mchanga au mtu mwenye kinga dhaifu, chemsha. Hata Mbinga, ambako kwa ajili ya mwinuko maji yanachemka kabla ya nyuzi 100, dakika moja ya kutokota kweli inatosha.

Mwenye kuni za bure atasema mbona yeye halipi kitu. Shamba la kahawa linapopogolewa kuni zipo, ni kweli. Ila kilo tatu kwa siku ni karibu kilo 450 kwa msimu, na zinatakiwa ziwe kavu katikati ya mvua. Kama uchaga wako juu ya meko haukujazwa Oktoba, Februari utachemsha kwa kuni mbichi, moshi utajaa jikoni, na kuna siku utaamua maji haya yanatosha hivihivi. Siku hiyo ndiyo ya kuogopa. Hata mwenye kuni aweke pakiti moja ya vidonge kabatini.

Chujio la ndoo mbili lenye mshumaa wa udongo ni ununuzi mzuri kwa mwenye mshahara. Tuseme ni 80,000, likadumu miaka miwili: mara 730 za kujaza, kama 110 kwa ndoo, na maji hayana harufu. Sharti ni kuusugua mshumaa mara kwa mara, kwa sababu matope ya kifuku yanauziba, na kuukagua usiwe na ufa. Wenye ufa unapitisha kila kitu huku wewe umetulia. Kuanika chupa juani, njia nzuri sana ya kiangazi, kifukuni sahau. Inataka saa sita za jua la kweli, na kukiwa na mawingu siku mbili nzima. Maji ya chupa? Lita moja na nusu kwa 1,000, ndoo ya lita 20 inapita 13,000. Ni ya safarini.

Chochote ulichochagua, kazi inaharibiwa na kikombe kinachochovywa. Ndoo yenye bomba chini, au dumu la mdomo mwembamba, lina thamani kuliko dawa unayoongeza juu. Na kibuyu chirizi cha kunawia mikono nje ya choo kinagharimu dumu la lita tano, kamba, msumari uliochomwa moto na kipande cha sabuni kilichotobolewa kikaning'inizwa ili kuku wasikibebe. Hakuna kitu cha bei hiyo kwenye makala hii kinachozuia kuhara kama hicho.

Pwani ina gharama moja ambayo mlimani hawaijui sana, kichocho. Minyoo yake haisubiri uyanywe maji, inapenya ngozi ya anayeoga, anayefua, anayeruka mtumbwini hadi magotini, au anayepandikiza mpunga. Shuleni watoto hupewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, bila malipo siku za ugawaji. Mtu mzima wa kilo 60 hupimiwa vidonge vinne vya miligramu 600. Dawa inaua minyoo iliyomo, haizuii mipya, kwa hiyo anayerudi kwenye maji yaleyale atarudi kwenye vidonge. Kinga rahisi ya kuogea ni pipa: viluwiluwi vya kichocho havimalizi siku mbili nje ya konokono bila kupata mtu. Ukiwa na mapipa mawili ya zamu, unachota leo, unaogea ya juzi. Lazima yawe na kifuniko, la sivyo umefuga mbu mlangoni. Shambani, mabuti ya mpira kwa 20,000 yanazuia kichocho pale maji yasipozidi kimo chake, na nyoka pia. Kwa mvuvi hayasaidii. Yeye apimwe mkojo na choo kila mwaka.

Mlimani adui mkubwa ni kichomi (nimonia) cha watoto, na kinga yake bora haiuzwi. Tangu Januari 2013 chanjo ya nimonia na ile ya kuhara ya rota zimo kwenye ratiba ya taifa. Ya nimonia hutolewa wiki ya 6, 10 na 14, ya rota wiki ya 6 na 10. Gharama yako ni nauli na nusu siku ya shamba. Mama aliyepanga mtoto amalize dozi kabla mvua hazijakata barabara za vijijini amefanya zaidi ya sweta tatu za mtumba. Sweta nunua, lakini kitanda cha mtoto kisiwe jikoni penye moshi. Baridi inalaumiwa sana, moshi unasahauliwa. Na mtoto anayehema haraka au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi hasubiri asubuhi, wala hapewi vidonge vya rangi mbili vilivyobaki kabatini.

Homa ikija licha ya yote, ndipo hela nyingi zinapotupwa. Ruvuma ndiko yalikoanzia Maduka ya Dawa Muhimu mwaka 2003, kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, na wauzaji wake walifundishwa kazi. Kwa ORS, zinki, vidonge vya maji na ushauri wa kwanza ni mahali pazuri na pa karibu. Kwa homa, anza na kipimo. Kipimo cha haraka cha malaria na dawa mseto havitozwi kwenye zahanati ya serikali, wakati dozi iliyonunuliwa kwa kubahatisha unailipia, na kama hukuwa na malaria ugonjwa halisi unaendelea kuzama.

Kuna jibu ambalo kila mtu wa huku amewahi kulipata: una malaria na taifodi. Wakati mwingine ni kweli. Lakini taifodi ya mara kwa mara inatoka kwenye kipimo cha Widal, ambacho kinaweza kuonyesha alama za maambukizi ya zamani, na kinafuatwa na sindano za siku kadhaa kwa bei inayolingana na chandarua na vidonge vya maji vya msimu mzima. Una haki ya kuuliza wametumia kipimo gani, kuomba uandikiwe majibu, na kwenda nayo hospitali kabla ya kulipia sindano.

Kuhara kwa mtoto, bei yake ni ndogo ikiwahiwa: pakiti ya ORS kwa lita moja ya maji salama, na zinki kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Pakiti zikikosekana, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, kwa lita moja. Chumvi isizidi.

Bima ipimwe Agosti, mtu akiwa mzima. CHF iliyoboreshwa (Mfuko wa Afya ya Jamii) ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeleta utaratibu mwingine, hivyo uliza kituoni kifurushi gani kinaandikishwa sasa, kinaishia zahanati au kinafika hadi hospitali ya rufaa, na baada ya kulipa unasubiri siku ngapi.

Kwa mwenye 60,000 baada ya kuuza kahawa au dagaa, ningemwambia wa Litembo aweke 15,000 kwenye vidonge vya maji, 10,000 kwenye ndoo yenye bomba, 20,000 chandarua cha kitanda cha watoto kama cha shule kimechoka, na 15,000 ibaki kuwa nauli ya kliniki na ORS. Wa Liuli atangulize vyandarua viwili, 40,000, kisha vidonge 15,000, na 5,000 ya kibuyu chirizi, sabuni na vifuniko vya mapipa. Mabuti yasubiri dagaa wa kwanza watakaokauka vizuri.